Redio Iliyowaka Bila Kuimba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa mwanafunzi kule Guangzhou, miaka ile watu wetu walipomiminika huko kutafuta elimu na bidhaa. Kichina nilikuwa nakibabia tu, lakini kilimtosha Mama Upendo, mfanyabiashara wa Mbeya, kunichukua niwe mkalimani wake. Alitaka kuagiza redio za gari. Naye hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia; alisema lazima kwanza aisikie moja ikiimba.

Laoban, yaani bosi, ndivyo tulivyomwita mwenye duka la redio, akaifunga moja kwenye gari lake mwenyewe, alilolinunua juzijuzi. Redio ikawaka taa za kupendeza. Sauti, hakuna. "Meiyou wenti," akasema, yaani hakuna tatizo. Akaifungua, akaifunga upya. Kimya.

Mama Upendo akafura. "Mwambie ni tapeli! Mwambie hivyohivyo, usipunguze neno."

Laoban alinitazama jasho likimtoka. Ukali ule haukuhitaji mkalimani. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, ningeweza kulisema. Lakini kilichonikaa kichwani kilikuwa swali.

"Laoban, ile redio ya zamani uliyoitoa humu ilikuwa inapitisha wapi sauti kabla ya kufika kwenye spika?"

Akainama. Kisha akainua zulia la gari. Tukafuata nyaya kwa vidole hadi kwenye buti, na huko tukakuta amplifaya ya kukuza sauti, iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Nikaigusa: baridi, haipati habari yoyote. Tukarudi mbele. Nyuma ya redio mpya waya mmoja wa buluu ulikuwa unaning'inia.

"Na huu?"

Laoban akajipiga paji la uso. "Huo ndio wa kuiamsha amplifaya!"

Alipouunganisha, wimbo wa Kikantoni ulilipuka hata Mama Upendo akaruka, kisha akacheka mpaka akashika mlango.

Njiani akaniuliza, "Kwani ulimwambia nini?"

"Nilimwuliza swali tu, mama. Nisamehe."

Akanishika bega. "Nakutuma ukatukane, wewe unauliza! Haya. Siku nyingine nikikasirika, niasi tena."

Akaagiza redio zake, na yeye na Laoban wakafanya biashara hadi uzeeni.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla hujamwita mtu mwongo, uliza. Uliza kwa hamu ya kujua kweli, si kwa kumtega. Neno baya likishatoka halirudi, bali swali jema humwachia mwenzio nafasi ya kutafuta pamoja nawe. Mungu akujalie udadisi usiozeeka na ulimi wenye subira, na popote uendapo upate watu wa kukujibu.