Kulifuata Ua la Bibi Harusi Nyantakara

Ndugu wasomaji, nisameheni mwandiko wangu na makosa ya herufi. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kwetu Bugarama r na l hutuchanganya. Naandika polepole, lakini safari hii sitaki isahaulike.

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya macho ya Bibi, mama yake Baba. Yalikuwa yakiingia ukungu, na mganga wa zahanati alisema hayatadumu. Bibi hakulia. Alisema tu, "Nataka nilione ua la bibi harusi kabla ya giza."

Ua hilo lina kitunguu chini ya udongo. Mvua za kwanza zikinyesha huchipua bua lisilo na majani, kisha ua jeupe lenye mishipa myekundu. Zamani lilijaa mlimani kwetu, na sijasikia kama liliota mlima mwingine. Msichana akiolewa mbali alifungiwa kitunguu kimoja kwenye kanga, akakibeba kifuani njia nzima bila kukiweka chini, akakipanda mlangoni kwa mumewe. Bibi aliolewa mlima uleule, kwa hiyo hakubeba.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mlima ulilimwa kwa trekta ukawa shamba la kijiji. Mahindi yalistawi, tukala tukashiba. Ua halikuonekana tena. Nimelitafuta hadi kwenye mawe ya kileleni, sikupata hata moja. Ndipo Bibi akamkumbuka mdogo wake, Anastazia, aliyeolewa Nyantakara, wilaya ya Biharamulo.

Alfajiri nilishika njia kwa miguu. Magari yalikuwa machache, maana mengi yalichukuliwa vitani na hayakurudi. Ngara mjini nililala kanisani, kesho yake nikapata lori la maharage. Njia nzima nilikariri sentensi moja ya kumwambia Bibi Anastazia, kwa kuwa mbele ya wageni maneno hunikimbia.

Jioni nilifika Nyantakara. Kando ya mlango wa nyumba ya udongo mabua yalikuwa yamesimama, yana vichwa lakini hayajafunguka. Nikabisha hodi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa Bugarama. Mjukuu wa dada yako."

Alinishika uso kwa mikono miwili. "Masikio ya dada haya haya! Petro, njoo uone masikio!"

Babu Petro, mumewe, akaja na kigoda. Baada ya kula nikaitoa sentensi yangu: "Bibi anaomba ua lirudi nyumbani."

Bibi Anastazia aliweka bakuli chini. Babu Petro akacheka, "Mmesikia? Kijana ametumwa aje kuniachisha mke! Uzee huu nani atanipikia?"

Mkewe hakucheka. "Mwanangu, ua la bibi harusi halirudi lilikotoka. Likirudi, ndoa imekufa. Mwaka wa kwanza nililia hapa nikataka kuling'oa niende nalo kwetu. Sikuling'oa. Sasa nilirudishe nikiwa bibi kizee? Siwezi, hata kwa dada."

Nilijua desturi ile tangu utoto, na bado nilichagua neno lilelile baya, "lirudi". Nikaenda kulala.

Asubuhi nilimchotea maji ili niage. Alikuwa amekaa karibu na maua.

"Ule mkuyu nyuma ya jiko letu bado upo?"

"Haupo, Bibi. Nyumba pia haipo. Tulihama wote, sasa ni mahindi."

"Na kaburi la mama?"

"Lipo. Trekta lilizunguka makaburi."

"Dada anakaa wapi?"

"Kijijini, kando ya barabara. Nyumba zimepangwa mstari. Mlango wake hujawahi kuuona."

Aligusa bua moja. "Kwa hiyo hata yeye aliondoka kwao."

"Ndiyo, Bibi."

Akaenda kuchukua jembe. "Basi halirudi. Linakwenda ugenini. Lakini utalibeba kama linavyobebwa."

Alichimba kitunguu kimoja pamoja na udongo wake, akakifunga kwa kanga kifuani mwangu, mimi mwanamume. Babu Petro alinisindikiza barabarani akiimba wimbo wa harusi, nami nikaangalia miguu yangu tu.

Kwenye lori wanawake walinimaliza. "Bibi harusi, mbona huna wasimamizi?" "Mwacheni, anaona haya, ndivyo walivyo maharusi!" Tulipoingia msituni mbung'o wakatuvamia. Mikono yangu ilikuwa imelishika ua, nikaumwa shingo bila kujipiga hata kofi. Mama mmoja kati ya wale waliokuwa wakinicheka akavua mtandio, akawa ananifukuzia mbung'o nao mpaka msitu ulipoisha.

Nilipofika Bugarama, Bibi alikuwa akinisubiri mlangoni. Nilimwambia maneno yote ya mdogo wake. Akasema, "Kweli, hapa mimi pia ni mgeni," akachimba shimo mwenyewe kwa kupapasa.

Baada ya siku chache ua lilifunguka. Bibi alipiga magoti, akasogeza uso mpaka karibu kuligusa.

"Jeupe," alisema. "Mishipa siioni. Ipo?"

"Ipo, Bibi. Myekundu."

"Basi nimeliona."

Nimejifunza kwamba tulilolipoteza sisi tuliobaki, lilitunzwa na mabinti walioondoka wakilia. Huenda wapo wengine. Kama mlangoni kwenu kuna ua jeupe lenye mishipa myekundu, lililoletwa na mama au bibi kutoka mlima wetu, tafadhali niandikieni. Nielezeni jinsi lilivyo, bila haraka. Bibi sasa haoni kabisa, na mimi ndiye nitakayemsomea.