Ukisikika Peke Yako

Darasa letu la fidla pale Ruring'u lilinuka sweta mbichi na utomvu wa msonobari, ule uliogandishwa ukawa mgumu kama sabuni, tuliousugua kwenye nywele za upinde. Ulikuwa mwezi wa Julai, na Julai ya Nyeri haina huruma: ukungu huingia mpaka mifukoni, na vidole hufa ganzi kabla ya somo kuanza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuweza kutulia. Nilitikisa mguu, nilichungulia dirishani, nilimaliza wimbo kabla ya wenzangu kisha nikawatazama kana kwamba wao ndio waliochelewa. Mama aliniambia haraka haraka haina baraka mpaka methali yenyewe ikanichosha.

Mwalimu Nderitu, mwanamume mwembamba ambaye sikuwahi kumsikia akifoka, ndiye aliyegundua kwamba haraka yangu ilikuwa imeingia vidoleni. Kila noti niliigusa juu kidogo ya mahali pake, unywele tu, na orkestra nzima ikanifuata. Si ajabu, maana sote tulikuwa watoto wa kanisa. Kanisani kwetu mama mmoja huanzisha wimbo, moto ukimpanda na sauti inapanda, na waumini wanamfuata bila kuuliza, hadi ubeti wa mwisho wanaume wanaimba kwa kukaza shingo. "Wimbo mnauanzia hapa Ruring'u," Mwalimu alituambia, "mkimaliza mko juu kwa barafu ya Mlima Kenya." Tulicheka, yeye hakucheka. Akabandua kwenye shingo za fidla vile vibandiko vyekundu vilivyotuonyesha pa kuweka vidole, akasema kwenye tamasha la muziki kule Kerugoya tutakwenda na masikio tu.

Njia yake ilikuwa hii. Msichana wa selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti, alivuta uzi wa noti ya re bila kukoma. Sisi tulifumba macho, tukaiimba ile re midomo ikiwa imefungwa, kisha tukaingia na fidla zetu mmoja mmoja. "Ukisikika peke yako, nyamaza, utafute tena," alisema. "Ukipotea, hapo uko sawa." Hakumnyooshea mtu kidole, kila mtoto alijihukumu mwenyewe, na asiyeweza kupotea angebaki Nyeri siku ya tamasha. Wenzangu walipotea. Mimi nilisikika kama nzi ndani ya chupa, na ukweli ni kwamba sikutaka kupotea. Baba yangu aliuza mitumba mtaani Majengo, na katika kazi yake asiyesikika hulala njaa. Aliita wateja tangu asubuhi, sauti yake ikavuka barabara ikafika msikitini. Alikuwa ameahidi kufunga kibanda siku ya tamasha aje kunisikia, sasa angenisikiaje nami nimepotea? Nilimchukia Mwalimu, nikaichukia na re yake. Kisha asubuhi moja, kwa uchovu tu, nikaacha kusukuma. Kidole kikashuka, na fidla yangu ikatoweka masikioni mwangu huku mkono ukiendelea kuvuta upinde. Niliogopa sana.

Ukumbi wa Kerugoya ulijaa watu, na joto lao likalegeza nyuzi tulizokuwa tumezilinganisha nje kwenye baridi. Kiongozi wetu wa fidla alishikwa na wasiwasi, akaanza kupanda kama yule mama wa kanisani. Nilimwona baba, kofia mkononi, ametega sikio kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Ningepanda kidogo tu angenisikia, na vidole viliniwasha. Badala yake nikaitafuta selo, nikashuka mpaka nikaikuta. Jirani yangu akashuka, safu yetu ikafuata, na mwishowe hata kiongozi akarudi. Nikapotea. Nje baba alinishika bega. "Nimekutafuta kwa hiyo sauti yote nikakukosa, mami," alisema, akiniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Kwani ulikuwa unacheza kweli, ama ulikuwa umeishika tu?" Mwalimu alikuwa nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza muhula huo nikamwona akitabasamu. Mimi nililia, na mpaka leo sijui kama ilikuwa furaha.

Siku hizi nafundisha fidla, hapo hapo Ruring'u. Watoto wana simu zinazowaka kijani noti ikikaa sawa, na wazazi husimama mbele kila mmoja akimrekodi wake. Nawaambia watoto wafumbe macho, nao wanafumba moja. Sikio halilali na njaa, walisema wahenga, ila langu limekuwa lafi: friji ikinguruma jikoni na jirani akiimba, nasikia wasivyopatana, na siwezi kukaa. Mguu wangu bado unatikisika. Baba amezeeka na masikio yake yamechoka. Jumapili huniomba nimchezee sebuleni, na pale hakuna selo, sina pa kupotelea. Juzi nilipomaliza alipiga makofi. "Leo nimekusikia vizuri sana, mami," akasema. Nikamshukuru. Alipogeuka kuchukua chai yake, nikaanza kukagua nyuzi, mmoja baada ya mwingine.