Jina Nililoazima kwa Aikaeli

Harufu ya petroli ya jenereta ikichanganyika na ile ya migomba iliyolowa hunirudisha hadi leo kwenye ukumbi wa usharika wetu, Marangu, mwezi wa Juni, ukungu umeshuka mpaka mlangoni na saa nane mchana inafanana na magharibi. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Mwalimu mmoja wa Kiswidi, mama mwembamba aliyefundisha ushonaji katika chuo cha wananchi, alikuwa ameleta filamu ya kwao. Sisi tuliozoea filamu za kilimo bora na uchimbaji wa vyoo tulijaza mabenchi tukitegemea kuona theluji.

Nilikwenda na moyo mzito. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefeli darasa la saba. Baba, mtu asiyekubali kushindwa, alizungumza na kaka yake, wakakubaliana jambo ambalo familia nyingi zililifanya siku hizo: nirudie darasa kwa jina la mtoto mwingine. Binti wa baba mkubwa, Aikaeli, alikuwa ameachishwa shule kwa sababu ya kifafa, na wazee wakaona jina lake limekaa bure. Nikachukua barua yake ya uhamisho, nikaenda kuishi kwa shangazi Masama, nikawa Aikaeli. Hata likizo nyumba nzima iliniita hivyo, nisije nikajisahau mbele ya walimu. Nikiitika jina langu la Manka, nilichapwa. Aikaeli mwenyewe walimwita "wewe." Taratibu akaacha kuitika, na kufikia Juni ile alikuwa hasemi ila kwa ng'ombe.

Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya wanawake wawili katika nyumba moja, mgonjwa na muuguzi wake. "Huyu amekataa kusema," mwalimu alitueleza kwa Kiswahili chake cha polepole. Muuguzi alisema kwa niaba ya wote wawili, akavaa koti la mgonjwa, na siku barua ilipofika akasaini kuipokea kwa jina la mgonjwa bila kusita. Nyuma yetu wazee walinung'unika kwamba wamekaa saa nzima hawajaona hata ng'ombe mmoja, wakaanza kutoka. Mimi sikuweza kubanduka. Nimeona filamu nyingi tangu hapo, na hakuna iliyonijua kama ile. Nyuso zile hazikufanya lolote la kutisha, zilitazama tu, nami nilitamani umeme ukatike.

Aikaeli alikuwa amekaa kando yangu, bega kwa bega. Mablanketi yalipoondolewa aliniangalia, akasema kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa bila kazi, "Dada Manka, jina langu utanirudishia lini?"

"Nikimaliza mtihani," nikajibu. Nilikuwa nasema kweli, au nilidhani hivyo.

Nilifaulu. Jina likaingia kwenye cheti cha sekondari, kisha cha ualimu, kisha cha ndoa, na kila karatasi ilifanya kulirudisha kuwe kugumu zaidi. Aikaeli hakuuliza tena. Alifariki nikiwa na miaka ishirini na tisa, na wazee walikaa faragha wakaamua kwamba jina la mwalimu aliye hai, tena mwenye mshahara, haliwezi kuandikwa juu ya kaburi. Sikupinga. Niliogopa kupoteza kazi, na aibu hiyo sijaimaliza.

Sasa nimestaafu. Wajukuu wananiita Bibi Aikaeli, na nikiitwa hivyo naitika haraka, kama nilivyofundishwa kwa fimbo. Kila Desemba tukipanda nyumbani wanakimbilia kihambani, katikati ya migomba na kahawa ya ukoo, kufyeka majani makaburini. Mwaka jana yule mdogo aliyeanza kusoma alisimama mbele ya msalaba mmoja wa saruji, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, "Manka." Akageuka akaniuliza, "Bibi, huyu alikuwa nani?"