Polishi ya Viatu

Nilirudi nyumbani kwangu Rexdale, huku ughaibuni, asubuhi nimechoka hoi, miguu imevimba kwa kusimama zamu nzima kiwandani, nikakuta rafu yangu inang'aa. Vinyago vyangu vya kachina, vilivyochongwa kwa mkono na Wapueblo wa Marekani ili watoto wao wawajue roho wa mila zao, vilikuwa vyeusi tii. Kwa miaka mingi nilivisaka minadani, kimoja kimoja, nikivipendea ile rangi yao iliyofifia: wekundu wa udongo, na samawati kidogo mabegani.

Mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Ukambani, alikuwa kwenye kochi, kitambaa mkononi, kopo la polishi ya viatu mapajani. Hivyo ndivyo alivyoving'arisha vinyago vya baba kila Ijumaa, kabla wachuuzi hawajaja kuvichukua wakawauzie watalii.

"Vilikuwa vimepauka, mwanangu. Nikaona aibu."

"Mama, hivi havipakwi kitu! Umeviharibu vyote!"

Alilifunika kopo polepole. Akaitazama rafu, kuanzia kinyago cha kwanza hadi cha mwisho, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye picha ya shule.

"Na vya baba yako umeviweka wapi?"

Nilikaa bila kuvua koti. Baba alichonga mpaka vidole vikapinda, na kwangu hapakuwa na hata kimoja. Si mara moja wala mbili nilivikuta vinyago kama vyake katika minada ileile. Nilivipita, nikisema hivyo ni vya watalii.