Bunduki ya Wadi

Mjukuu wangu anasoma nchi ya baridi. Juzi kanipigia simu, anacheka. Anasema, bibi, leo gari imeteleza juu ya barafu, ikazunguka kama pia, ikaingia mtaroni, na yote hayo kwa sababu nilichelewa kuamka nikakanyaga mafuta. Nikamwambia akate simu akaswali rakaa mbili za shukurani. Kisha mie mwenyewe nikashindwa kukaa. Nikakaa, nikainuka. Nikafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Chai nilojitilia ikapoa, nikajitilia nyengine, na hiyo pia ikapoa. Anayechekea gari haijui gari, na mie gari nnaijua.

Mwenzangu, skuli sikusoma. Nilikwenda chuoni nikahitimu msahafu, basi. Lakini waulize wanawake wa Azaiba, hapa Maskati, hawa wenye vyeo sasa, nani alowakalia kiti cha pembeni walipokuwa hawajui breki iko wapi. Ni mie. Gari ya kufundishia niliinunua kwa jasho langu, na nikaichakaza, nikanunua nyengine. Wapo walolia ndani yake. Wapo wasonisalimia mpaka leo kwa maneno nilowaambia. Lakini hakuna alokufa.

Barafu siijui. Utelezi nnaujua, na nilikutana nao nikiwa mtoto, kabla ya Maskati kuwa na barabara ya lami ya kuitwa barabara.

Tulikuja kutoka Unguja baada ya mapinduzi. Mie, mama, bibi mzaa mama, na mjomba, mdogo wake mama. Baba alibaki nyuma, na hatukumuona tena. Tulipewa kibanda cha makuti nje ya ukuta wa mji, na humo tukaanza kujifunza kuishi. Nazi hakuna. Bibi alipika wali kwa samli akaula kama mtu anomeza dawa. Nyumba nzima ilinuka papa mkavu na moshi. Asubuhi jirani yetu alipaka unga mwepesi juu ya bamba la moto kwa kiganja, ukatoka mkate mwembamba kama karatasi, akanipa wa kwanza kwa sababu nilimtekea maji. Kisimani, kwa watoto wake, ndiko nilikookota Kiarabu cha hapa. Mama na bibi hawakukijua, ila cha kusalia. Mjomba alikijua cha kuombea sigara.

Usiku mzinga ulipigwa kutangaza kuwa milango ya mji inafungwa. Kila mtu wa Maskati aliusikia kama unavyosikia jogoo. Bibi, mzinga ukilia, alinivuta akanikumbatia, hata kama nipo kati ya tonge. Nilihisi moyo wake mgongoni mwangu ukienda mbio, kisha ukipungua, kisha akaniachia niendelee kula. Hatukuuliza. Sote tulijua bunduki zilosikika Unguja usiku ule zilimfanya nini.

Sasa mjomba. Unguja alikuwa dereva wa teksi, kofia upande, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili dirishani unasalimia. Maskati alipata kazi ya kuendesha lori la tajiri mmoja, na tabia akaja nayo. Mkono ule ule ulikuwa nje unasalimia watu wasomjua. Njia zilikuwa za mawe na vumbi, lakini yeye aliliendesha lori kama anampeleka bibi harusi. Mama alimwambia, mdogo wangu, hili si teksi. Akajibu kuwa gari ni gari, na anoogopa apande punda. Watoto wa mtaani walimpenda. Nami nilimpenda. Alikuwa mtu pekee nyumbani mwetu aliyekuwa akicheka.

Mwaka wa pili, wakati wa baridi, jamaa wa marehemu babu, mume wa bibi mwenye asili ya huku, walituma salamu kutoka kijiji chao ndani ya milima, kuwa wamesikia tupo na wanataka kutuona. Kwa bibi hilo lilikuwa jambo kubwa. Maana yake tuna wenyewe. Akatoa kanga yake mpya ilokunjwa kwa udi, akapika vitumbua bila nazi, akavilalamikia njia nzima.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku uliotangulia. Mvua ya Maskati ni mgeni, ikija watu hutoka nje kuipokea. Asubuhi mbingu ilikuwa safi, jua linawaka, na ile ardhi ya udongo mwekundu imelainika juu tu, kama sahani ilopakwa mafuta. Mjomba hakupunguza mwendo. Lori lilikwenda upande, likarudi, likaenda tena upande, na yeye akapiga honi kwa raha. Mama alishika mlango. Bibi alishika tasbihi. Mie nilicheka, kwani nilijua nini?

Tukafika Rusayl. Leo useme Rusayl mtu anakuletea mawazo ya viwanda na maghala. Wakati ule ni mawe, miti ya mighafu miwili mitatu, na wadi. Wadi ni njia ya maji isiyo na maji, mwenzangu. Mwaka mzima ni changarawe kavu, mbuzi wanapita. Siku moja au mbili inashuka, na inachukua kila kilicho mbele yake.

Ukingoni tulikuta malori mengine yamesimama na madereva wamekaa mkekani, wanakunywa kahawa. Wadi yenyewe ilikuwa kavu mbele yao. Mzee mmoja akamwambia mjomba kwa ishara, akionesha milima kwa kidevu: kaa, kunywa kahawa. Huko milimani kulikuwa na weusi wa mawingu. Kwetu Unguja mvua ikikunyeshea unarowa, isipokunyeshea hurowi, ndiyo elimu yote ya mvua. Mjomba akatazama juu, akaona jua, akacheka.

Bibi akamwambia, "Mwanangu, wenyeji wamekaa. Na sie tukae."

"Wenyeji hawana haraka, mama. Hawana pa kwenda."

Akatia gia akaingia na mwendo wake wote. Katikati palikuwa na tope lililobaki na mvua ya usiku, limekauka juu, bichi chini. Lori likateleza, mkia ukatangulia kichwa, gurudumu la mbele likazama mpaka kwenye ekseli. Mlango wa upande wangu ukagonga jiwe. Kisha mjomba akasema, haya, teremkeni mnyooshe miguu. Hata hapo alikuwa anafanya mzaha. Akachukua sepetu akaanza kuchimba, na bibi akatandika mkeka kwenye kivuli cha lori, akafunua vitumbua.

Ndipo bunduki ikalia. Mara moja, kutoka juu, upande wa milima. Kisha nyengine, karibu zaidi. Kisha nyengine.

Sikuwahi kumuona bibi akienda mbio. Siku ile alinishika mie mkono, akamshika mama kanga, akatuvurumisha chini ya lori, akatulalia kwa kifua chake. Mjomba akatupa sepetu akaja kwa tumbo, uso kwenye changarawe. Dereva wetu hodari, yule wa anoogopa apande punda. Bibi akasema polepole tu, kama anotoa khabari ya jirani: "Wametufuata."

Nilichungulia. Wale wa ukingoni wameacha kahawa yao na wanateremka mbio kuja kwetu, wanapiga kelele, ndevu zao, majambia yao kiunoni, bunduki mikononi na mabegani. Nilisikia wanachosema. Nilikijua, nilikisikia kisimani. "Wadi. Wadi inashuka." Nikamwambia bibi, bibi, wanasema maji yanakuja, wanatuita. Akanifunika mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka vitumbua.

Ungekuwa weye ungefanyaje? Mwenye kuijua nchi hii akisikia bunduki wakati wa mvua anapanda juu. Watu wa juu wanapoona maji yanapita kwao, wanafyatua, wa chini yao wanasikia, nao wanafyatua, na hivyo khabari inatangulia maji mpaka baharini. Ndiyo ilokuwa desturi. Lakini sie bunduki ilitufunza somo jengine, na somo lile tulilihifadhi vizuri. Tukajificha pale pale kwenye njia ya maji.

Wa kwanza kufika alikuwa yule mzee wa kahawa. Akainama, akamshika bibi mguu, akavuta. Bibi akakamata gurudumu. Akavuta tena. Bibi akamwambia kwa Kiswahili chake, uso kwa uso, hakupaza sauti: "Niue mie. Hawa waache."

Yule mzee hakuelewa neno. Lakini nadhani alimtazama macho, akaelewa yote. Akasita. Na wakati huo mie nilishaanza kusikia ardhi, sauti kama ya mawe mengi yanasagwa mbali. Akavua bunduki yake begani. Kwa mwanamme wa nchi hii bunduki si kitu cha kukabidhi. Hata ndugu yake hamwachii. Akailaza kwenye changarawe, akaisukuma mpaka mkononi mwa bibi. Kisha akafungua viganja vyake viwili, vitupu, akamwonesha.

Bibi akaitazama bunduki. Akaishika. Na alipoishika, akaachia gurudumu.

Tulitoka. Kijana mmoja alinibeba mie, mwengine alimvuta mama, mjomba akafuata mbio. Mzee alimshika bibi mkono, na bibi mkono wa pili kakumbatia bunduki, anakwenda nayo mdomo juu, kila mtu anainamisha kichwa kuikwepa. Tulikuwa hatujamaliza kupanda ukingo. Maji yalikuja rangi ya chai ya maziwa, yana mti mzima mbele yake na mbuzi, yakalikuta lori, yakalinyanyua taratibu kama unavyomnyanyua mtoto alolala, yakaondoka nalo. Mkeka. Vitumbua. Sepetu. Hata honi haikulia.

Tukakalishwa kwenye ule mkeka wa kahawa. Bibi bado na bunduki mapajani. Yule mzee alimmiminia kikombe, akampa tende, akakaa mbali kidogo. Hakuinyooshea mkono. Alingoja mpaka wakati wa kuswali alasiri, bibi alipomrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, na yeye akaipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka pale. Mjomba alikaa peke yake amewapa mgongo watu wote. Bibi akamwendea, akamsimamia kichwani.

"Walotufukuza kwetu walishindwa kutumaliza," akamwambia. "Weye mwanangu ulikaribia."

Mjomba hakushika usukani tena. Hata Maskati ilipojaa barabara na kila mtu kanunua gari, alikuwa anakaa kiti cha nyuma kama mzigo, ameshika kiti cha mbele. Alifungua duka la vitambaa akazeekea humo. Nilipotaka kujifunza gari, yeye ndiye alokataa kuliko wote, na yeye ndiye alonisindikiza kwenda kutahiniwa. Bibi alifika kijijini kwa wenyewe siku nyengine, juu ya punda, akazikwa huko miaka mingi baadaye. Kijiji kile bunduki zililia kila mvua. Aliendelea kushtuka mpaka mwisho, lakini alikuwa wa kwanza kuita watoto wa watu wapande juu, kwa Kiswahili, nao wakapanda.

Baada ya simu ya mjukuu, nilichukua gari nikaenda Rusayl. Siwezi kukaa, nimekwambia. Pale pana daraja sasa, malori yanapita juu yake mfululizo, na njia ya maji imejengewa kwa saruji. Simu ilinitumia onyo la mvua, nikalisoma. Chini kabisa, vijana na gari zao kubwa walikuwa wanaingia kwenye maji na kutoka, wenzao wanawapiga picha. Nikazima injini, nikateremsha kioo. Nikawaita, kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili. Mmoja akanipungia mkono.

Nikavua viatu nikateremka wadini kuwafuata.