Msumeno wa Kuifungua Meli ya Mdogo Wangu

Mimi ni fundi wa hoteli huku Diani. Mabomba, vitasa, mashine za baridi, yote ni yangu, na misumeno ninayo ya kutosha. Sikudhani kama ipo siku nitahangaika kutafuta msumeno wa kukatia plastiki isiyozidi unene wa ukucha.

Plastiki yenyewe ilikuwa mfano wa meli ya mizigo, urefu wake kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Mdogo wangu aliiunga kipande kwa kipande likizo yake ya mwisho, kwa mama, Msambweni. Aliinunua bandari ya mbali kwa sababu ilifanana na ile aliyokuwa akifanyia kazi, chini kwenye mitambo. Alikuwa na pupa huyo! Gundi ya vitu hivi haishikishi tu, huyeyusha plastiki ikawa kitu kimoja. Ukiigusa kabla haijakauka, alama ya kidole haitoki tena. Naye hakujua kungoja kitu kikauke. Mlango wa jikoni ulikuwa na alama za vidole vyake tangu utotoni, kwenye rangi ya kijani aliyoigusa mbichi, na mama akipita alikuwa akisema, "Mwizi huyu hana haja ya kutafutwa." Idi moja niliupaka upya mlango ule, alama zikapotea. Nani angejua.

Alifariki kazini. Moyo ulisimama, nayo meli iko mbali na nchi kavu. Wenzake Waislamu wakamswalia, wakamzika baharini. Sisi huku tukaswali swala ya ghaibu, tukasoma hitima, watu wakatawanyika. Baharia mwenzake, mtu wa Majoreni, ndiye aliyetuletea begi lake, akatueleza: alianguka chumba cha mitambo, ubavu wa kushoto, chini ya dohani, pale penye ngazi.

Mama haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, lakini anasuka ukili mpaka leo, na akishika mkeka wa mtu atakuambia palipokosewa. Kila Ijumaa nampeleka kwenye kaburi la baba. Wapo wasemao wanawake wasizuru makaburi, mama hawasikilizi. Huweka kiganja juu ya jiwe la kichwani, husoma Fatiha, hurudi ametulia. Ijumaa moja tukiwa njiani kurudi akasema, "Baba yako najua alipo. Na yule mwingine, namsomea nimeelekea wapi?"

Nikamwambia dua inafika popote.

"Najua inafika," akanijibu kwa ukali. "Mimi ndiye sijafika."

Nyumbani nikaishusha meli kabatini, nikamwekea mapajani. Akaipapasa yote, dohani, vyumba, ubavu mpaka nyuma, kisha akapagonga kwa ukucha pale kushoto, chini ya dohani. "Huu ni ukuta. Mwanangu alianguka ndani. Nifungulie hapa nitie kidole."

Ya Rabi! Kitu pekee kilichobaki cha kazi ya mikono yake, na mimi ndiye nikikate? Kikipasuka hakuna mwenye kukiunga tena, aliyekiunga yuko chini ya bahari. Lakini mama aliomba, na hakuwa ameomba kitu tangu msiba. Nikaamua kipande kitoke kizima, na rangi yake, ili nikirudishe kama kifuniko.

Katika sanduku la meli palikuwa na mabaki ya fremu ambazo vipande huja vimeshikana nazo. Nikajaribia hapo. Msumeno wa kukatia chuma, meno yake makubwa, uliitafuna plastiki na kuivunja kando. Nikajaribu msumeno wa uzi, ule mwembamba wa kukatia nakshi za maua kwenye mbao. Ulikwenda kasi, ukapata moto, plastiki ikayeyuka na kufunga nyuma yake. Nikageuza fremu, nikakuta nimekata na sikukata. Nilitukana, Mungu anisamehe. Dukani Ukunda kijana mmoja wa bara akanipa wa tatu: "Buda, huu unakata kila kitu." Nikamwambia kila kitu sina, nina meli.

Nikaagiza Nairobi. Ukaja msumeno mfupi wenye mgongo wa shaba, meno madogo, unakwenda wima kabisa. Ila huo huanzia ukingoni, nami nilitaka kuanza katikati ya ubavu. Tena ule mgongo hugonga kabla bapa lenye meno halijazama. Nikaagiza mwingine. Mama akacheka kidogo. "Mchagua jembe si mkulima."

"Mama, jembe likikosea, udongo unafukiwa. Huu je?"

Hakucheka tena.

Uliofuata ulikuwa bapa tupu, jembamba kama wembe, mdomo wake umepinda, meno huyaoni mpaka uyapitishie kidole. Yalikuja mabapa mawili, nami sikuona tofauti. Nikampa mama. Akayapapasa taratibu, akarudia. "Huu unauma. Huu unakuna tu. Chukua huu unaouma."

Tulikata Ijumaa, baada ya Alasiri, ukumbini. Nikabandika utepe kuuongoza mkono, nikatoboa vijitundu kwenye pembe nne kwa keekee ndogo, nikadondosha maji plastiki isipate moto. Msumeno wa namna hii huusukumi wala huukandamizi. Unauvuta, unauacha uzito wake ufanye kazi. Kwa mtu asiye na subira kama mimi, hiyo ni adhabu. Mama alikaa karibu akisikiliza, na sauti ikikaza tu, ananiambia, "Punguza, baba."

Upande wa mwisho bapa likanasa. Kulikuwa na donge ndani, sijui la nini. Hasira zilinipanda, nikataka kulilazimisha limalize.

"Usishindane nalo," mama akasema. "Lipitie kando."

Nikasogea nje kiasi cha unywele. Likapita. Kipande kikaniangukia kiganjani kizima.

Nikaushika mkono wa mama, nikakitia kidole chake kwenye lile tundu. "Hapa penye ngazi?"

"Hapo, mama."

Akapapasa ndani muda mrefu. "Patupu," akasema.

Niliumia. Nilijiambia nimemharibia kazi ya mwanawe kwa ajili ya tundu. Akaomba kile kipande, akakigeuza upande wa ndani, na kidole gumba chake kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena pale pale.

"Hiki nini?"

Nikakipeleka mlangoni penye mwanga. Lile donge lilikuwa gundi, na katikati ya gundi palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yake yote, kama kimebonyezwa asubuhi ile. Njia ya msumeno ilipita ukingoni mwake. Bapa lingekuwa nene kidogo tu, lingekichukua. Nikamrudishia.

Akakitia tena kidole chake mle.

"Mwizi huyu," akasema, "hana haja ya kutafutwa."

Kisha akalia kilio ambacho hakukilia siku ya habari, na alipokwisha akasoma Fatiha, kidole kiko pale pale.

Meli imerudi kabatini, ubavu wazi. Kifuniko amekifunga fundo katika pindo la leso yake. Ijumaa, tukitoka kwa baba, hulifungua fundo, huweka kidole, husoma. Juzi nilimwambia, "Mama, utaimaliza alama hiyo."

"Kwani mimi nabaki?" akaniambia, akaendelea kusoma.