Mkate wa Kimea katika Ploti ya Mama Gathoni

Punje za wimbi zinapoanza kuota hutoa harufu ambayo sijaipata kwa kitu kingine. Mwanzoni ni harufu ya udongo uliolowa. Kisha huja ya majani mabichi, karibu na ile ya tango lililopasuliwa, na chini yake utamu mzito wa kitu kinachokaribia kuchacha lakini bado hakijachacha. Harufu hiyo hushika nguo, hushika pazia, hushika hata nywele za mtu aliyeinamia gunia. Nilipokuwa darasa la nne ilijaa chumba chetu cha mtaa wa Landless, mjini Thika, tangu mwisho wa mvua ndefu hadi baridi ya Julai ilipopungua. Wakati huo niliipenda, kwa sababu ilimaanisha mkate. Leo nauza mbegu na chakula cha mifugo Ruiru, nafaka ziko mikononi mwangu kutwa nzima, na gunia likiingiwa na maji dukani nalitoa nje haraka kabla halijaanza kunuka hivyo.

Sababu ya mkate ilikuwa mdogo wangu Wekesa. Mama alimwachisha kunyonya, naye akaachana na chakula chote kwa pamoja. Uji aliutema. Ugali aliufinyanga na kuutupa. Viazi na ndizi vilivyopondwa alivitazama tu, mdomo ameufunga. Miguu yake ikawa myembamba, tumbo likajaa, na nywele zikapoteza weusi. Alikuwa ameshaanza kusimama kwa kushika kigoda, lakini akarudi kukaa, halafu akawa analala tu pale alipowekwa. Kliniki walimpima, wakatia alama kwenye kadi chini kabisa ya mstari, wakamwambia Mama ampe chakula chenye nguvu. Mama alirudi akakaa kitandani na kadi mapajani. Hakuna aliyemwambia namna ya kukipitisha chakula hicho kwenye mdomo uliofungwa.

Alichokumbuka ni alichofanyiwa yeye kwao, Bungoma, alipokuwa mtoto mgonjwa. Aliloweka wimbi, akamwaga maji, akaifungia kwenye gunia bichi na kuifunika kwa majani ya migomba aliyoomba kwa mwenye shamba upande wa pili wa barabara. Kila jioni alifungua na kunyunyizia maji, akipitisha vidole ndani kama mtu anayetafuta chawa. Punje zikatoa vijizizi vyeupe, vikashikana kama kitambaa. Hicho ndicho kimea. Alikianika juani, akakisugua kuondoa mizizi, akakipeleka kusagwa. Mkate wa kwanza uliharibika. Alitumia unga wa kimea mwingi mno, na katikati mkate ukabaki umenata kama gundi ingawa ganda lilikuwa limeiva. Wa pili alichanganya kimea kidogo na unga wa ngano, akauacha uumuke polepole, akaupika kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko.

Nimejaribu mara nyingi kuieleza ladha yake na kila mara naona nimepungukiwa. Ganda lilikuwa gumu, la rangi ya kahawa, na lilivunjika kwa sauti. Ndani ulikuwa mzito na wenye unyevu, mtamu bila sukari, na nyuma ya utamu kulikuwa na uchachu kidogo uliofanya mate yatoke. Wekesa alipewa kipande akinyonye. Alikinyonya mpaka kikaisha, kisha akafungua mkono akitaka kingine. Mama aligeukia ukutani. Nilidhani anatafuta kitu rafuni, mpaka nilipoona mabega yake yanatikisika.

Miaka mingi baadaye nilianza kununua vitabu vya kale vya kilimo na lishe kwa wauzaji wa kando ya barabara kule Juja, wanafunzi wakishamaliza chuo na kuvitupa. Humo ndimo nilimojifunza kile ambacho Mama alikifanya bila kukijua jina. Punje ni ghala lililofungwa. Inapoanza kuota hulifungua yenyewe: wanga mgumu hukatwakatwa kuwa sukari, na madini kama chuma, ambayo punje kavu huyashikilia, huachiwa kiasi kwamba mwili unaweza kuyachukua. Tumbo la mtoto dhaifu hukuta nusu ya kazi imeshafanywa. Ndiyo sababu mkate ule ulikuwa mtamu, na ndiyo sababu ule wa kwanza ulinata. Sisemi kwamba kimea ni dawa ya kila kitu, kama wanavyoandika siku hizi kwenye mifuko. Nasema kwamba mtoto mmoja ambaye hakuwa akila alikula, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa ameshika tena kigoda.

Sasa ni lazima niseme habari ya Baba. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na kabla Wekesa hajazaliwa alikuwa mnywaji wa busaa anayejulikana Landless nzima. Kisha akaokoka. Aliacha pombe siku moja, bila kupunguza kwanza, na kila Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Bwana amemwondolea kiu kabisa. Watu walipiga makofi. Mama alianza kuvaa nguo za rangi. Na busaa, kwa asiyejua, haipikwi bila kimea cha wimbi.

Mwenye ploti alikuwa Mama Gathoni, mjane aliyeishi katika nyumba ya mbele na kuchunga wapangaji wake kama watoto wa shule. Kwake kulikuwa na sheria moja tu isiyo na mjadala: hakuna pombe. Mumewe alikuwa amefia kwenye mtaro akitoka kunywa. Alipotoka asubuhi moja akakuta kimea kimeanikwa uani, alisimama mikono kiunoni akamwita Mama kwa jina langu, na sauti yake ikawatoa watu wote vyumbani.

"Mama Nasimiyu! Hii ni nini umeanika kwa ploti yangu?"

"Ni wimbi, mama. Ni ya mkate ya mtoto."

"Mkate? Ngai! Mkate gani iko na mizizi? Mimi nimezaliwa jana? Nyinyi watu wa Western mnaweza kutengeneza pombe hata kwa kikombe ya chai!"

Mpangaji mmoja alicheka. Mama hakucheka wala hakukasirika. Alimletea Mama Gathoni kigoda.

"Keti hapa, mama. Usitoke. Uone mwanzo mpaka mwisho, halafu kama ni pombe unifukuze leo."

Akaketi kweli. Alikaa hapo uani akinusa kila sufuria, akichungulia unga wa kimea kilichotangulia, akiuliza kwa nini unachanganywa, kwa nini unafunikwa, makaa ya juu ni ya nini. Mkate ulipotoka, alikata kipande kidogo kwa kucha, akakitia mdomoni huku amekunja uso.

"Umeweka sukari ngapi?"

"Hakuna sukari."

"Usinidanganye, wewe."

"Haki ya Mungu, hakuna."

Alikata kipande kingine, mara hii kwa kisu. Kisha akamchukua Wekesa kutoka mgongoni kwangu, akampima uzito kwa mikono kama mtu anayenunua kuku, akasema, "Huyu amenona. Huyu si yule wa Pasaka." Hapo tukajua tumeokoka kufukuzwa. Furaha ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyeona kilichokuwa kinaanza.

Kwa sababu Mama Gathoni alikwenda kuwaambia wanawake wa kanisani. Walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na kibuyu au mfuko wake wa wimbi, kila mmoja na mtoto asiyekula, mkwe aliyejifungua au mzee mwenye tumbo bovu. Mama hakuweza kukataa, yeye ambaye wiki chache zilizopita alikuwa karibu kutupwa nje. Gunia moja likawa magunia. Yalilala chini ya kitanda, nyuma ya mlango, chini ya meza tuliyofanyia kazi za shule. Wote waliokuwa na wasiwasi walikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba kimea kisije kikawa pombe. Waliangalia masufuria. Hakuna aliyefikiri kwamba kwa mtu fulani harufu yenyewe ilitosha.

Baba alianza kuchelewa kurudi. Hakulewa, Mama alimnusa mdomo na hakupata kitu. Alikuwa anakaa nje ya geti, kwenye jiwe, mpaka chakula kiive. Aliacha kula ndani. Kanisani alisimama kama kawaida, lakini ushuhuda ukawa mfupi. Jumapili moja mchana, wanawake wakiwa wamechukua mikate yao na kwenda, nilikuwa nyuma ya pazia namvalisha Wekesa, nikawasikia wakizungumza kwa Kibukusu.

"Kitu hiki kitakwisha lini?" Baba aliuliza.

"Mtoto ameanza kusimama."

"Naona."

"Basi?"

"Nimesema naona." Sauti yake ilishuka. "Nikitoka kazini, harufu inanikuta pale kwenye kona ya bomba la maji. Kabla sijafikiri chochote mdomo umejaa mate. Nalala nayo, naamka nayo. Naota nimeshika mrija."

Mrija ni ule mwanzi mrefu wa kunywea busaa, wanaume wakiwa wamezunguka chungu. Nilikuwa nimewahi kuuona wake, kabla hajauvunja.

"Twende tumwambie Mama Gathoni," Mama alisema. "Kimea kikae kwake. Ana chumba."

"Umwambie kwa nini?"

Nilisikia Mama akirudisha gunia chini ya kitanda.

"Nimesimama mbele ya watu nikasema kiu imeondolewa. Kabisa, nilisema. Uende umwambie mjane wa mlevi kwamba ilikuwa uongo?"

"Basi niache kupika. Niseme nimechoka."

Wekesa alichagua wakati huo kuniponyoka. Alipita chini ya pazia, akafika katikati ya chumba akiwa ameshika ukingo wa meza, akasimama pale uchi, akimwangalia baba yake na kucheka. Nilimfuata, na hivyo niliuona uso wa Baba. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu kuanzia miguuni.

"Usiache," alisema.

Baba alipata kazi Ruiru, kwenye shamba la kahawa, kuangalia mashine ya kumenya. Mshahara haukuwa bora kuliko wa kiwandani, na watu wa ploti walishangaa. Mama aliwaambia kiwanda kinapunguza watu. Baba alipewa chumba kwenye laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, na mpango ulikuwa arudi mtoto akishaweza kula chakula cha kawaida. Alikuja kila Jumapili. Jumamosi Mama alitoa magunia yote kwa visingizio, akasugua sakafu kwa sabuni, akafua mapazia, akafungua mlango na dirisha hadi tukatetemeka kwa baridi. Baba alileta parachichi na kumrusha Wekesa juu. Halafu kukawa na Jumapili ambayo hakuja. Na nyingine. Mwishowe akaja Jumapili moja akitembea kwa uangalifu sana, akamsalimia kila mtu kwa jina, akakaa. Mama aliinama kumwekea chakula, akasimama ghafla na bakuli mkononi. Aliweka bakuli mezani na kwenda uani. Kule kwenye laini kulikuwa na chungu cha busaa jioni nyingi, na hapakuwa na mke wala kanisa lililomjua. Alikimbia harufu akaenda kuishi na kitu chenyewe.

Wekesa alipona. Baba hakurudi kuishi nasi. Alibaki Ruiru mpaka shamba lile lilipogawanywa viwanja, akazunguka kwa vibarua, na alipougua mimi ndiye niliyemchukua. Mama alikuwa amekwisha kufa bila kumwambia mtu yeyote kwa nini Baba aliondoka. Baba alipofariki, Wekesa alikuja mazishini Bungoma kama mgeni, akasimama nyuma na miwani ya jua, akaondoka kabla ya chakula. Kwake, Baba alikuwa mlevi aliyetukimbia, na mimi sikuwahi kumsahihisha kwa sababu hakuwahi kuuliza.

Siku hizi mkate wa nafaka zilizoota unauzwa Ruiru kwenye mfuko wenye dirisha la plastiki. Watu wanaununua kwa ajili ya sukari ya damu, uzito na tumbo, na hawakosei. Nimewaeleza wateja wangu faida hizo mara nyingi. Ni mkate safi, umekatwa sawasawa, na hauna harufu. Anayeununua hahitaji kuishi na magunia chini ya kitanda, wala mwenye nyumba hamwiti uani. Siwezi kusema wakati wetu ulikuwa bora. Watoto wengi waliolala kama Wekesa hawakuamka. Lakini naona pia kwamba siku hizi mtu anaweza kusimama kanisani kwangu na kusema kiu imemrudia, wakamwekea mikono na kumtafutia mtu wa kumsindikiza nyumbani. Nimeliona likitendeka. Kila nikiliona hunibidi nitoke nje kidogo.

Mwezi uliopita Wekesa aliniita kwake Membley. Binti yake anaachishwa kunyonya na anakataa chakula, na mke wake alikuwa amenunua mkate ule. Alitaka kujua kama unafaa kwa mtoto mdogo. Nilimweleza yote, jinsi wanga unavyokatwa na chuma kinavyoachiwa. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza nimeyajua wapi. Nikamwambia yeye ndiye aliyelelewa kwa mkate wa aina hiyo. Akataka kujua zaidi, na safari hii, kwa kuwa aliuliza, sikuruka kitu: magunia, jiwe la nje ya geti, maneno ya nyuma ya pazia, na lile neno moja ambalo Baba alisema akimtazama miguu.

Binti yake alikuwa mapajani kwake, akivuta vifungo vya shati. Wekesa alimshika mkono akautuliza.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema.

Nikamwambia la, si yeye, mtoto hawezi kuwa sababu. Nilisema haraka mno, na amenijua miaka mingi.